Kinyonga wa Mama Mkwe

Jina langu silitaji, na anayetaka kunicheka anicheke. Nilimuua kinyonga wa mama mkwe wangu kwa ubishi, na ubishi huo ukanivunjia nyumba.

Ilikuwa miaka hii ya sabini, tumehamia kijiji cha ujamaa huko Busunzu. Mama mkwe alikimbia mauaji Burundi akaja kukaa kwetu. Hakuja na kitu, ila kinyonga aliyemwokota njiani. Akamweka kwenye tenga la kuku chini ya mibuni yangu. Majirani, kwa kuogopa mkosi wa kinyonga, wakaacha kupita uani kwangu. Hasira zikanipanda: nalisha mkwe, sasa nilishe na kinyonga?

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Basi siku alipompeleka mke wangu Kibondo hospitali kusubiri kujifungua, alisimama nyuma ya mlango akaniagiza.

"Mukwe, leo panzi, kesho nzi, keshokutwa viwavi wa kwenye maharage. Na majani uyanyunyizie maji, anywe. Usimpe kitu kimoja kila siku, atakufa."

"Nimesikia, mama."

Moyoni nikasema, mimi mwenyewe nala ugali na maharage mwezi mzima, yeye nani mpaka abadilishiwe chakula?

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kichuguu cha shambani kwangu kinatoa kumbikumbi. Nikawa namtilia hao hao, wazima, asubuhi na jioni. Maji sikumpa hata tone. Tumbo likamvimba. Halafu ulimi ukawa hautoki tena. Kumbikumbi wanamtembelea puani, anawatazama tu.

Nikamwambia, kufa basi. Wiki ya tatu akafa kweli.

Walirudi na mtoto wa kike. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye tenga, akachungulia, akalifunika. Hakunitukana. Asubuhi yake akamchukua mke wangu na kichanga wakaenda kwa ndugu zake Kasulu. Mke wangu hata hakugeuka.

Niliwafuata na jogoo mkononi, kuomba radhi. Sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Mtoto huyu atataka kula kila siku, Mukwe. Nilikwambia leo panzi, kesho nzi. Keshokutwa nini?"

Nilikuwa sikumbuki.

Hao viwavi niliowaandika hapo juu nilikumbushwa baadaye. Mke wangu alinitajia dirishani, analia, kisha akafunga dirisha.

Wewe uliyekabidhiwa kiumbe na mtu usiyempenda, mlishe kama ulivyoagizwa, na chuki yako ikae kando. Mimi nilidhani namkomoa mama mkwe. Binti yangu sasa ameanza kula ugali huko Kasulu, na sijui anaupenda kwa mboga gani.