Jina la Mama, Sokoni Mlandizi

Leo nusura nipigwe Mlandizi kwa swali moja tu.

Nafanya utafiti wa chuo kuhusu imani ya nyota. Nikamwamkia mama muuza mihogo, nikamuuliza jina lake, halafu jina la mama yake.

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Jina langu na la mama yangu? Si ndiyo hesabu ya waganga hiyo? Umekuja kuniibia nyota!"

Bodaboda wakaanza kusogea.

Nikasema, "Mama, mimi ni mtu wa sayansi, siamini hayo."

"Huamini? Basi taja la mama yako, wote tusikie."

Jamani.

Nikataja.

La uongo.

Nyie mngetaja? Ila msiandike majina ya mama zenu hapa.