Chanjo Niliyoikataa Nikiwa na Mimba Changa

Mwaka ule hospitali nilikokuwa nafanya kazi, hapa Musoma mjini, ililetewa chanjo ya mafua. Hatukuwa tumeizoea. Mafua kwetu ni ugonjwa wa kunywa chai ya tangawizi na kujifunika shuka, na wengi wetu hatukujua kama yana chanjo. Dozi zilikuwa chache, za watumishi tu, na tangazo lililobandikwa kwenye chumba cha chai lilisema wajawazito waanze.

Mimi nilikuwa na mimba ya wiki saba, na hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi mitatu. Ile niliitangaza mapema. Nilimwambia kila mtu, mpaka mama anayetuuzia maandazi pale Nyasho tunapoishi. Ilipotoka ikanibidi niwarudie wote, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba hakuna mtoto tena. Nikaapa kwamba ikija nyingine nitanyamaza mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe.

Kwa hiyo kupanga foleni na wajawazito ilikuwa sawa na kutangaza upya. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kweli. Nyingine zote nilizitafuta baadaye.

Aliyekuwa anachanja ni muuguzi mtu mzima, mwanamke wa Kiislamu kutoka familia ya mafundi cherehani wa Bunda. Alikuwa anaongea taratibu, na sisi watumishi wote tulimwita Shangazi. Siku ya pili alikuja dirishani kwangu, pale mapokezi nilipokuwa naandikisha wagonjwa.

"Mwanangu, jina lako silioni kwenye orodha. Huchanji?"

"Kazi zimenibana, Shangazi. Nitakuja."

"Una hali yoyote niijue? Ujauzito, mzio, chochote?"

Watu kama sita walikuwa wamesimama nyuma yake wameshika kadi zao. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameacha kuandika.

"Hapana," nikasema. "Sina."

Akanitazama kidogo. "Maana hata mimba ikiwa changa, chanjo hii haina shida. Mjamzito akishikwa na mafua makali anaumia kuliko sisi wengine. Na hizi zikiisha, sijui kama tutaletewa tena."

"Nimeelewa, Shangazi."

Jioni nilimpigia simu mume wangu, ambaye anafundisha shule moja kule Suguti na hurudi nyumbani Ijumaa. Maneno ya Shangazi sikumwambia. Nilimwambia: "Kuna sindano wanatuchoma kazini. Unajua hali yangu, na unajua yaliyotupata mwaka jana. Naogopa. Unaonaje?" Mtu akiulizwa hivyo atajibu nini? "Kama unaogopa, acha," akasema. Na mimi nikajifanya nimekatazwa na mume.

Wiki haikuisha, dozi zikaisha. Nakumbuka nilivyoona tangazo limebanduliwa nikashusha pumzi, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Mimba ikakaa vizuri. Ilipoingia mwezi wa saba, mafua yakapita hospitalini na kuwalaza watumishi kadhaa majumbani kwao. Mimi yalinianza Jumatatu kwa koo kuwasha. Jumatano nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kusimama nivute hewa. Nililazwa wodi ileile ambayo kila siku nilikuwa naandikia watu kadi za kwenda kulazwa, nikawekewa oksijeni. Daktari alisema ni mafua, na yameshaingia kwenye mapafu. Siku ya pili yake uchungu ukaanza kabla ya wakati.

Mtoto alizaliwa wa kike, kilo moja na nusu. Niliona miguu yake tu, wakapita naye haraka.

Wakatutenganisha ili nisimwambukize. Mama yangu mzazi akaitwa kutoka kijijini kwetu Buswahili, akaja na gauni alilokuwa amevaa shambani. Wauguzi walimfundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa na kitenge, mchana kutwa na usiku kucha. Mimi nilikuwa nakamua maziwa, yanatoka vijiko viwili vitatu, yanapelekwa. Siku tisa zilipita hivyo. Asubuhi mama alikuwa anasimama mlangoni, mbali, ananipa habari.

"Ana nywele nyingi huyu. Na anafunguaga macho nikiimba tu, nikinyamaza anafumba."

Alikuwa anasema kwa furaha, kunitia moyo. Mimi nilikuwa nageukia ukutani.

Siku ya kumi nikaruhusiwa kumshika. Akalia mpaka akabadilika rangi. Mama akamchukua, akanyamaza palepale. "Atakuzoea," mama akaniambia, na kweli alinizoea. Sasa ana miaka minne na anakimbia. Lakini akiumwa hadi leo anamtaka bibi yake, na mimi nasimama kando nimeshika dawa.

Nilipopata nafuu nilimuuliza daktari kama ile chanjo ingenisaidia. Akafikiri. "Huenda usingeugua. Huenda ungeugua kidogo. Huenda ungeugua hivihivi, maana miezi ilikuwa imepita. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya." Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana.

Mume wangu nilimweleza yote siku tuliyorudi nyumbani. Akauliza swali moja tu: "Sasa siku ile ulinipigia kuniuliza nini?" Hakulirudia tena. Mpaka leo sijalijibu.

Shangazi alistaafu akarudi kwao Bunda. Nilikaa miaka miwili bila kwenda kumwona. Nilipokwenda nilimkuta barazani anapepeta mchele, nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya, mimba ilikuwepo.

Akaweka ungo chini. "Nami nilikosea," akasema. "Lile halikuwa swali la kuulizwa mbele za watu. Nilitakiwa nikuite ndani, nifunge mlango. Nilikuwa na haraka ya kumaliza orodha."

Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kufokewa. Sikujua nifanye nini na mtu anayetaka kugawana nami kosa. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za mtoto, anakula nini, anaongea namna gani. Akataka kujua kwa nini sikuja naye.

"Yuko Buswahili kwa bibi yake," nikasema.

"Nileteeni nimwone."

Nikamwahidi nitampeleka shule zikifungwa. Zimeshafungwa na kufunguliwa mara kadhaa, na kila mara napata kisingizio. Kutoka Musoma mpaka Bunda si mbali.