Mnyama wa Chumvi Aliyekula Omena Yangu

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mambo ya baharini msiniulize sana. Bahari yenyewe sijaiona. Lakini kilichotokea kwenye meza yangu hapa mtaani Mbotela nilikiona kwa macho haya, na mpaka leo mwili unanisisimka.

Mjukuu wangu anasomea wanyama wa maji huko Pwani. Alikuja na kinyama kimoja kizima ndani ya bakuli la kioo, maji ya chumvi, na kimashine kidogo kinachotoa mapovu. Ni ndugu ya nyota ya bahari, akasema, ila mikono yake mitano ni myembamba kama mikia ya panya, na ukiishika vibaya inakatika. Kesho yake alikuwa na usaili wa kazi ya kufundisha watoto, na alitakiwa aende na mnyama hai. "Kukhu, kisife tu," akaniambia, maana kwetu bibi ndiye kukhu, akatoka kwenda soko la Muthurwa kutafuta viatu.

Sasa mimi nilikuwa nimesahau kwamba ni zamu yangu kukaribisha ushirika wa akina mama. Si unajua nyumba zetu hizi, ukifungua mlango mgeni ameshaona hadi kitanda. Mwenyekiti wetu, jirani yangu wa miaka mingi, alikanyaga ndani, mkono mmoja wa kile kitu ukajikunja, naye akapiga yowe.

"Shindwe! Hilo ni jini la Mombasa!"

"Ni masomo ya mtoto, dada."

"Masomo gani yana mikono mitano? Leta hapa nikamwage chooni!"

Wenzake waliomfuata wakaanza kukemea pepo. Yeye akashika bakuli kwa mikono miwili. Nikaona kazi ya mtoto inaenda chooni. Omena, vile visamaki vya ziwani, ilikuwa pembeni ikingoja kukaangwa. Nikamega kipande kidogo kama punje ya mchele, nikatumbukiza.

"Ngoja basi, kinakula."

Kwetu magharibi mtu aliye kwenye chakula hasumbuliwi. Marehemu baba alikuwa akinifuata na fimbo, lakini akinikuta na tonge mkononi, anavuta kiti anangoja nimalize. Mwenyekiti akaliachilia bakuli.

Ndipo tukaona. Mkono mmoja ulikuwa umeegemea ubavu wa kioo, tumbo lake likituangalia, na chini yake kumejaa viguu vidogo laini, vingi, kama nyuzi zilizolowa. Vile vya karibu na ncha vilikinasa kipande, vikakisukumia wenzao, nao wakapokea na kusukuma tena. Omena yangu ikatembea chini ya mkono bila mkono wenyewe kusogea! Katikati ya mwili kukafunguka mdomo wenye taya tano.

"Yesu wangu," mama mmoja akanong'ona.

Kilipomeza, nikatia kipande kingine haraka. Na kingine. Mjukuu alirudi akatukuta tumeinamia bakuli kama watu wanaotazama ndani ya kisima.

"Vinashikaje?" mwenyekiti akauliza kwa ukali. "Vina gundi?"

"Vina ute, Mama. Havina vya kufyonzea kama vya nyota ya kawaida. Vinaonja, vinanatisha, vinapitisha. Hata vumbi la chakula vinalikusanya na kulifinyanga tonge."

"Na uchafu unatokea wapi?"

Mtoto akagusa kioo kwa kidole. "Hapo hapo kwa mdomo. Hakina njia nyingine."

Loo! Mmoja alikimbilia mlangoni. Mimi mwenyewe niliziba mdomo kwa leso. Mwenyekiti alibaki amesimama, amekodoa macho. Mwishowe akalisukuma bakuli kwa mjukuu wangu, taratibu.

"Peleka kwa usaili wako. Hili si jini. Jini lina maringo, haliwezi kukubali kuumbwa namna hii."

Tukafunga kwa sala. Wote walifumba macho, ila mimi niliacha moja wazi, nikilitazama bakuli.