Itifaki Ilivyomnyima Mama Dakika Kumi

Harufu ya bizari nzima ikikaangwa na vitunguu hadi leo hunipandisha hasira. Wenzangu ikiwafikia hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka jiko la nyuma la ukumbi wa kukodi kule Minto, kitongoji cha Sydney, majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yangu akikoroga sufuria huku midomo ikimcheza bila sauti. Alikuwa akirudia hotuba yake.

Hotuba yenyewe ilimhusu mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuwa amefariki karibuni. Aliandamana, akawekwa ndani kwa kudai haki ya kupiga kura, kisha akawa mwanamke wa kwanza wa rangi yake kuapishwa katika bunge la jimbo lao. Mama alimwita Bi Mkubwa, utadhani ni shangazi yetu wa Tanga. Huko Tanga mama alikuwa mwalimu. Hapa Sydney alipanga maboksi katika ghala moja la Smithfield, na tangu tuhamie hakuna aliyewahi kumwomba asimame mbele ya watu aseme lolote. Chama chetu cha Waswahili kilipoamua kumuenzi marehemu, na akina mama wakampendekeza yeye azungumze dakika kumi, basi nyumbani tulikoma! Aliikariri akipiga pasi, akiosha vyombo, akisubiri treni. Nami, kwa ujeuri wa kitoto, nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimechoka kuisikia. Mungu anisamehe.

Sasa, anayetujua anaujua ugonjwa wetu: itifaki. Kila aliyepanda jukwaani siku ile alianza upya kumsalimu mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina, masheikh, wachungaji, wazee wa Mombasa, wazee wa Unguja, ndugu zetu wa Burundi, na kumruka mmoja ni kununua ugomvi wa mwaka mzima. Penye wengi pana mengi. Katibu alimtambulisha makamu, makamu akamtambulisha mwenyekiti, Mzee Athumani, naye akatueleza kwa kirefu jinsi chama kilivyoanzishwa sebuleni kwake. Wanaume saba walizungumza. Bi Mkubwa mwenyewe aligusiwa kidogo tu, baina ya salamu na shukrani. Mama alikuwa amevua aproni, amejitanda kanga mpya, amesimama kwenye mlango wa jiko akingoja kuitwa. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo ya watu yalikwishaanza kulalamika.

Saa kumi na moja jioni tulitakiwa kurudisha ukumbi. Mlinzi wa Kizungu alipoanza kuchezesha funguo, Mzee Athumani alitazama ratiba, akatabasamu. “Wakati umetubana, jamani. Mama Zuhura tunajua ana mengi mazuri, atatuambia siku nyingine. Sasa atupe chakula!” Watu wakapiga makofi. Wallahi, walipiga makofi! Mkutano wa kumuenzi mwanamke aliyekataa kunyamazishwa, na sisi tukamnyamazisha wa kwetu kwa vicheko. Nilimkimbilia mama nikamuuliza kwa nini hasemi kitu. Alifunga aproni juu ya ile kanga, akaniambia, “Shika sahani, Zuhura.”

Leo mimi ni muuguzi katika hospitali ya Westmead. Ukumbi umepakwa rangi, Mzee Athumani ametangulia mbele ya haki, na mwenyekiti wa sasa ni kijana aliyezaliwa hapahapa. Nilidhani dunia imesogea. Mwezi uliopita akanipigia simu: wanamkumbuka tena Bi Mkubwa, je, tunaweza kusaidia pilau? Nikamuuliza nani atazungumza. “Dada, ratiba imeshajaa,” akasema, kwa upole kabisa. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Nilimkatia simu, nikaendesha gari hadi nyumbani kwa mama, Minto.

Nilimkuta mama akimenya vitunguu saumu. Nikamwambia safari hii atasema yeye, apende asipende mtu, hata ikibidi nikae juu ya sufuria chakula kisitoke. Nikamwomba anisomee tena ile hotuba, tangu mwanzo, nami nitanyamaza niisikilize yote. Alichukua punje nyingine, akaimenya.

“Nimeisahau, mwanangu.”

Kisha akaniuliza wanataka pilau ya watu wangapi.