Mkeka Alioniwekea Shangazi Kalolaine

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika habari za marehemu katika gazeti moja la Nuku'alofa. Nimewaaga kwa kalamu machifu wawili, wachungaji wasio na idadi, na mwalimu mmoja wa muziki ambaye alikuwa hai (tulimwomba radhi). Kwa hiyo shangazi yangu Kalolaine alipofariki kisiwani 'Eua, akiwa na miaka themanini na mmoja, sikuwa na shaka ni nani angesimama kanisani kusoma maisha yake. Niliandika kurasa nne. Nilinyoa ndevu. Nilijifunga kiunoni, kwa desturi yetu ya heshima, mkeka mwembamba, laini kama kitambaa, ambao yeye mwenyewe alinisukia nilipohitimu chuo, nikapanda feri nikiyakariri maneno yangu huku abiria wenzangu wakitapika.

Shangazi Kalolaine alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na kwetu Tonga hicho ni cheo. Dada humpita kaka, na shangazi akishasema, baba hana la kuongeza. Yeye ndiye aliyenipa jina la Siosaia. Baba alipokwenda New Zealand kuchuma matunda na kusahau njia ya kurudi, yeye ndiye aliyenichukua, nikiwa na miaka saba, akanilea nyumba moja na binti yake, Fusi. Karo yangu aliisuka. Kila mwaka wa masomo ulikuwa mkeka mmoja mkubwa wa majani ya mkadi, na kila mkeka uliondoka na sehemu ya magoti yake.

Hakuwa mtu wa kujadiliana. Nilipompelekea mchumba wangu wa kwanza, alimkabidhi kisu na gimbi, akamtazama akimenya.

"Saia," aliniita pembeni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "huyu anamenya nene. Mtakula maganda."

Uchumba ulikwisha kabla chakula hakijaiva. Miaka miwili baadaye nilimletea makala yangu ya kwanza ya marehemu. Aliipitishia kidole mstari kwa mstari, hadi mwisho, akanirudishia gazeti.

"Maneno mengi," alisema. "Aliyekufa ni nani?"

Nilijiambia kwamba hakuzoea uandishi wa kisasa.

Siku ya mazishi Fusi alikuwa langoni, mikono kiunoni. Aliutazama mkeka wangu mwembamba kutoka juu hadi chini.

"Vipi, Saia? Umekuja kuhitimu tena?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto wa kaka, mbele ya maiti ya shangazi yake, ndiye wa chini kabisa. Huvaa mkeka mkubwa, mkuukuu, uliochanika. Haingii chumba cha marehemu. Hukaa jikoni akipika hadi watu waondoke. Utaratibu huu naujua. Nimeuandikia makala mbili, moja ikiwa na mchoro. Nilidhani tu kwamba haumhusu mtu mwenye kurasa nne mfukoni.

"Lakini mimi ndiye nitakayesoma," nilimwambia.

"Nani kasema?"

"Nimeshaandika, Fusi. Nimekesha siku tatu."

"Pole. Lete."

Mtoto wa shangazi ana haki ya kuchukua chochote cha mtoto wa mjomba wake. Fusi alishanichukulia baiskeli, redio na viatu vya kanisani vilivyomzidi miguu. Sasa alichukua kurasa nne, akazikunja, akaniwekea mikononi mkeka mwingine. Ulikuwa mzito, mweusi kwa moshi, umenyauka kingo, na nilipouvaa ulinifika kutoka kwapani hadi kwenye ugoko.

"Jikoni ni kule," alisema, kana kwamba sikukulia pale.

Jikoni nilimkuta binamu yangu Hiko, mtoto wa kaka mwingine wa Shangazi, fundi wa injini za boti, amevaa gunia la mkeka kama langu.

"Karibu, mheshimiwa mwandishi," alisema, akanisogezea beseni la magimbi.

Nilimenya. Hiko akaokota ganda langu moja, akaliinua kwenye mwanga.

"Lo! Hili lingetosha watu wawili. Shangazi angekukatalia kuoa wewe."

Kanisa liko hatua thelathini kutoka pale, na kipaza sauti kilikuwa kimetundikwa upande wetu. Nyimbo zilipokwisha nilisikia karatasi zikifunguliwa. Niliacha kisu.

"Saia ameandika hapa kwamba mama alikuwa nguzo ya ukoo," ilisema sauti ya Fusi. "Mama hakuwa nguzo. Nguzo hukaa mahali pamoja. Nani kati yenu alipata kumkuta mama mahali pamoja?"

Kanisa lilicheka. Watu waliofiwa, wamevaa nyeusi, walicheka.

"Kuna aya ya bahari. Naruka. Kuna aya nyingine ya bahari." Karatasi ikageuzwa. "Hapa Saia anajieleza mwenyewe, alivyokwenda chuo. Mnamjua. Naruka."

Hiko alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka.

"Haya, ukurasa wa nne. 'Alisuka. Alitulea. Alikuwa mkali.'" Nikasikia karatasi zikikunjwa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua. "Hapo sawa."

Kwa miaka kumi na tisa nimefupisha maisha ya watu wengine, nikiwaeleza wafiwa kwamba nafasi ni ndogo. Sikuwahi kujua kwamba inauma hivi.

Niliketi juu ya kreti, nikauvuta mkeka kwa hasira usiingie kwenye maji, na pale gotini nikaona alama: pembetatu nyeusi, kama ncha ya pasi. Niliitambua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikipiga pasi ya mkaa nguo ya shule juu ya mkeka niliokuwa nalalia, nikasahau pasi nikisoma gazeti la zamani lililofungiwa samaki. Shangazi aliugeuza mkeka upande wa pili. Mwaka uliofuata ukatoweka. Nilidhani aliutupa.

Fusi alikuja na sahani ya majani ya magimbi kwa tui, akaketi upande wa pili wa beseni.

"Umeutoa wapi huu?" nilimuuliza.

"Chini ya godoro lake. Kila mwaka anauanika juani. Nikimwambia, mama, tuutupe, anasema, 'Acha, huo wa Saia. Siku ya kunizika atakuja na ule mwembamba, mjinga yule, na hatakuwa na wa kuvaa.'"

Moshi wa jikoni ulikuwa mkali sana wakati huo. Hiko alikubali kwamba ulikuwa mkali.

"Hakusema lingine?" niliuliza baadaye.

"Alisema usipewe magimbi." Fusi alitazama rundo la maganda. "Nilisahau."

Nilichukua gimbi jingine, nikajaribu kulimenya nyembamba, kama alivyokuwa akimenya yeye, ganda linapitisha mwanga. Nilijikata kidole gumba.

"Angalia mkeka," alisema Fusi, akaushika pale penye alama ya pasi, akaukunja pembeni usidondokewe na damu.