Kiatu cha Kushoto Chini ya Kaunta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja chupa tatu kabla mteja wa kwanza hajakaa. Ilikuwa Mbalizi, kwenye baa iliyotazamana na soko, na mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na moja niliyetoka Tukuyu na begi moja, nikidhani kazi ya baa ni kubeba chupa na kucheka na watu. Mwenye baa alikuwa mama wa Kisafwa, mfupi, mkavu wa maneno, sote tukimwita Mama Mkuu. Alinitazama nikiokota vigae, akasema hizo tatu ni za kujifunzia, ya nne nitaieleza vizuri.

Naandika haya kwa sababu wiki hizi wajukuu zangu wanabishana kwenye kundi letu la WhatsApp. Swali lao ni kama polisi wana haki ya kuingia baa na kukamata watu waliolewa wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Mmoja anasomea sheria, mwingine anaendesha lori, na kila mmoja ameshamwita mwenzake hajui kitu. Hakuna aliyemuuliza bibi yao, Atupele, aliyekaa baa miaka arobaini na minne. Basi najibu bila kuulizwa, ndiyo faida ya uzee.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mhudumu ndiye anayezunguka mezani. Kaunta ni mkuu wake, anayekaa nyuma ya meza ndefu akitoa vinywaji na kutazama watu, na hata mtu mwenyewe anaitwa hivyo hivyo, "kaunta". Nilianza mhudumu. Mama Mkuu alinifundisha kufungua chupa mbele ya mteja, asije akasema imechezewa, na kuacha chupa tupu mezani mpaka aondoke ili kumbukumbu yake na yangu zisigombane. Alinifundisha pia kwamba mlevi hajulikani kwa kelele. Wapo wanaopiga kelele tangu wazaliwe. Mtazame mikono, alisema. Mkono ukianza kuitafuta chupa mahali ambapo haipo, mteja huyo amefika.

Mteja akifika, kazi ndipo inapoanza. Mama Mkuu alikuwa na utaratibu ambao sikuukuta baa nyingine yoyote, nikahama nao kila nilikokwenda. Aliyefika haongezewi. Anahamishiwa meza ya pembeni, karibu na jiko la mkaa, anapewa supu ya utumbo, na mhudumu anainama anamvua kiatu cha kushoto. Kiatu kinawekwa kwenye rafu chini ya kaunta. Mtu akipata akili anakuja mwenyewe kukidai, na akiweza kutaja rangi yake na kukivaa akiwa amesimama, anaruhusiwa kwenda. Nilimuuliza kwa nini kiatu na si ufunguo wa gari. Akanijibu kwamba ufunguo anao mwenye gari tu, kiatu kila mtu anacho.

Wageni walicheka. Wenyeji hawakucheka, maana walijua baridi ya kwetu. Mwezi wa sita na wa saba, mlevi anayelala nje nyanda hizi anaweza asiamke. Tena barabara kuu ilipita mlangoni na malori hayamjui mlevi na mzima. Nilivua viatu vya mafundi, vya madereva, vya walimu, na mara moja cha diwani, aliyeniomba nisimtangaze na sijamtangaza mpaka leo. Pombe si chai, lakini mnywaji naye ni mtoto wa mtu.

Mama Mkuu alipouza baa yake, nikapata kazi Nyololo, kule Mufindi, sasa nikiwa kaunta kamili. Bosi alikuwa dereva mstaafu wa malori, mkarimu siku biashara ikienda na mkali siku isipokwenda. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa mbao. Aliyependwa kuliko wote alikuwa fundi Mgaya, mpasuaji mbao, mtu mpole aliyekunywa Jumamosi tu, na akilewa alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa Kibena, sauti ya pili, sawasawa kabisa. Mimi ni mwanakwaya wa Moravian, kwa hiyo nilimsamehe mengi.

Mwaka wangu wa tatu pale, akaja mkuu mpya kwenye kituo cha polisi kilichotuhudumia. Kituo sitakitaja, wengi wa wakati ule wako hai na mimi sitaki ugomvi uzeeni. Alikuwa mrefu, nadhifu, hanywi, na alichoka kuokota maiti barabarani. Akaamuru gari la doria lipite kwenye baa Jumamosi jioni, na aliyelewa akamatwe humo humo ndani. Mji mzima ukabishana. Madereva walisema kumkamata mtu baa kwa kulewa ni sawa na kumkamata kanisani kwa kusali, na mwinjilisti akasimama kwenye mkutano wa kijiji akakataa kabisa kulinganishwa. Wake wengi, niseme kweli, walikuwa upande wa polisi. Sheria ilisemaje sijui. Mjukuu anasema inategemea, nami namwambia kumbe umesoma miaka yote hiyo kujua kwamba inategemea.

Jumamosi ya kwanza walichukua wateja wetu sita, watatu wakiwa na mguu mmoja wa kiatu. Bosi alichachamaa. Akatoa amri yake: kuanzia siku hiyo, gari la doria likionekana kule kwenye mizani ya mbao, kila aliyelewa atolewe kwa mlango wa nyuma. Asikutwe mtu ndani. Asiyetaka kutii aache kazi. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume marehemu. Nikatii.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshashuka mpaka hauoni ng'ambo ya barabara, kijana wa duka la jirani akapiga kelele kwamba gari linakuja. Fundi Mgaya alikuwa kwenye meza ya pembeni, bakuli la supu halijaisha. Nilichukua kiatu chake rafuni, nikapiga goti, nikamvalisha na kukifunga kamba kwa mikono yangu hii. Aliniuliza kama tayari ameruhusiwa. Nikasema ndiyo, fundi, umeruhusiwa. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akaniaga kwa salamu ya Kibena, "Kamwene, dada," akaingia kwenye ukungu akiimba. Polisi walikuta baa safi, wakaondoka.

Asubuhi watu wa ibada ya kwanza walimkuta kwenye mtaro, nusu kilometa kutoka kwetu, amekakamaa kwa baridi lakini anapumua. Alilazwa wiki tatu kwa nimonia. Nilikwenda kumwona siku ya pili, nikakuta mkewe amemshika miguu anaisugua. Mama yule hakunilaumu, alinishukuru kwa kuja. Nilitoka pale nikalia hadharani, mtu mzima na mkoba wangu. Mama Mkuu alinifundisha kuvua kiatu. Kumvalisha mlevi nilijifundisha mwenyewe, kwa woga.

Jumatatu nikapiga moyo konde nikaenda kituoni. Bosi alikuwa ameshatuonya kwamba atakayefungua mdomo ahesabu hana kazi, na mimi nilijua naweza nikatoka pale sina kazi na nina kesi. Mkuu wa kituo alinikaribisha kiti. Kitabu cha matukio, kile wanachoandikia kila linalotokea zamu nzima, kilikuwa wazi mbele yake.

"Afande, fundi Mgaya nilimtoa nje mimi," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Ulimtoa kwa nini, naye hajiwezi?"

"Kwa sababu gari lenu lilikuwa linakuja."

Akakifunga kile kitabu. Kisha akanieleza upande wake, na hakunifokea. Alisema mlevi akishafika barabarani yeye ameshachelewa, na kwamba wiki mbili kabla ya kutoa amri alikuwa amempelekea mama mmoja habari za watoto wake wawili kwa siku moja. Hasira yangu yote ikapungua. Nilikuwa nimekuja kubishana na mtu mbaya, nikamkuta mtu anayetaka kile kile ninachotaka mimi. Nikamweleza habari ya meza ya pembeni, supu na kiatu.

"Kiatu hakimo kwenye sheria, mama," akasema.

"Hata baridi haimo, Afande."

Hakucheka, lakini Jumamosi alikuja. Alivaa sweta na kofia ya kawaida, akakaa mwisho wa kaunta kuanzia saa tisa alasiri, akanywa soda mbili. Bosi alipomtambua alitaka kukimbilia stoo. Mimi nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Hadi jioni rafuni kulikuwa na viatu vinne na buti moja la shambani, wenyewe wamekaa jikoni na supu. Kisha dereva mmoja wa lori, ambaye mikono yake ilikuwa inatafuta chupa tangu mchana, alikataa kuvuliwa, akanisukuma, akashika ufunguo na kuelekea mlangoni. Nilimtazama mkuu wa kituo. Hakuhitaji kuambiwa. Alimfikia mlangoni kabla hajagusa lori, na yule alilala ndani kwa haki kabisa.

Toka siku hiyo tukawa na makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Aliyekaa kwa amani na kiatu chake kiko rafuni ni wa kaunta. Anayetaka kupigana au kushika usukani ni wa polisi, na nitawaita mwenyewe. Doria iliendelea kupita, askari wakichungulia tu na kusalimia. Bosi aliniambia nitaondoka mwisho wa mwezi kwa kwenda kusema polisi. Mwisho wa mwezi ulipofika baa ilikuwa imejaa, naye akawa amesahau. Fundi Mgaya alirudi na kifua kibovu lakini sauti nzima. Nilipomwomba radhi alisema haikumbuki siku ile hata kidogo, kwa hiyo hana cha kusamehe. Mimi naikumbuka kwa niaba yetu sote wawili.

Kwa hiyo wajukuu, jibu langu ni hili. Msiulize tu kama polisi waingie au wasiingie. Ulizeni, mtu huyu akitoka hapa alipokaa, anakwenda wapi? Anayeweza kujibu swali hilo ndiye mwenye haki ya kumshika.

Miaka tisa ya mwisho niliifanyia Iringa, kwenye baa ya Mlandege, na nilistaafu pale mwaka jana bila manung'uniko. Magoti yananisumbua, maana yameinama mbele ya miguu mingi, lakini nyumba ninayo na kwaya sijaacha. Siku ya kuniaga wenye baa walichinja mbuzi. Katikati ya sherehe akaingia mzee mrefu na fimbo, na nilimtambua kwa unadhifu wake. Naye alikuwa ameshastaafu, amejenga Iringa, alikuwa amesikia habari zangu kwa watu. Tulikaa tukakumbushana ya Nyololo. Akaniambia kwamba tangu avue sare huwa anaonja kidogo, na daktari hajakataza. Siku hiyo alionja bia tatu, kwa mtu aliyezoea soda.

Jua lilipoanza kuzama niliona mkono wake unaitafuta glasi mahali ambapo haipo. Nilikuwa mstaafu wa nusu saa, sikujua kama bado nina mamlaka. Kabla sijasema neno aliegemeza fimbo ukutani, akainama taratibu, akafungua kamba na kuniwekea mezani kiatu cheusi cha kushoto, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakiweka rafuni, nikaenda kumletea supu.