Bwawa Safi la Mama Matete

Jina la Mama Matete lilianza kama kejeli. Fundi cherehani huyu, mwenye chumba kimoja kinachotazama bwawa lililo nyuma ya karakana, ndiye aliyewaingiza majirani zake kwenye kazi ya kujitolea kila Jumamosi. Shimo lile lilikuwa machimbo ya kokoto, kisha likawa jalala. Walitoa humo matairi, magodoro, na hata choo kizima cha kauri ambacho fundi pikipiki alikikalia ili apigwe picha. Walipomaliza, yeye akaanza kupanda matete ukingoni, shina kwa shina, na watu wakamcheka: mwanamke mzima anapanda magugu!

Matete yakashika. Ndege wakaja, wa mwisho wakiwa kuku-maji, wale weusi wenye paji jekundu, ambao hawatagi mpaka wapate pa kujificha. Tangu hapo aliwapa wenzake sharti moja: okoteni taka, pandeni miti mtakayo, ila matete msiyaguse, hata yakikauka.

"Lakini dada, yamekaa kama nywele za mtu aliyetoka kulala," alilalamika mdogo wake, katibu wa kikundi.

"Wewe zako umezichana lini?"

Wakati huo macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Kwanza alishindwa kutunga uzi, ikawa kazi ya mdogo wake kumtungia kila asubuhi. Baadaye bwawa lenyewe likageuka ukungu wa kijani wenye sauti. Aliketi dirishani, miguu kwenye pedali, akishona kwa mazoea na kusikiliza.

Siku chache kabla ya upasuaji wa macho alisikia mlio mpya, mwembamba, ukitoka ndani ya matete. Akamshika mdogo wake mkono.

"Vifaranga hivyo. Nikirudi na macho yangu, nataka kwanza nione bwawa. Sura yako naijua, itasubiri."

Mdogo wake alicheka mpaka akafuta machozi. Alichoondoka nacho ni kwamba dada anataka kuliona bwawa.

Mama Matete alifanyiwa jicho la kwanza, akapumzika kwa binamu yake anayeishi karibu na hospitali, akarudi kufanyiwa la pili. Siku aliporudi nyumbani, mdogo wake alimpokea kwenye kona ya karakana.

"Fumba macho, dada. Usichungulie!"

Alifumba. Akaongozwa taratibu, akijua kwa nyayo alipo: changarawe, halafu kibao cha kuvukia mtaro. Walipofika akasikia watu wakizuia vicheko.

"Haya, fumbua!"

Kikundi kizima kilipiga makofi. Maji yalikuwa wazi kutoka ukingo hadi ukingo, yaking'aa kama sinia. Mawe yaliyolizunguka bwawa yalipakwa chokaa. Palikuwa na benchi jipya, na mahali pa matete palibaki visiki vifupi na duara la majivu.

"Kuku-maji wako wapi?" aliuliza.

Makofi yakapungua. Fundi pikipiki, mtu asiyejua kunyamaza, ndiye aliyejibu. "Wakubwa walikimbia, mama. Vile vidogo vikabaki vinaelea katikati, pa kujificha hakuna. Mwewe naye akaja, akala kama mtu aliyepewa kadi ya mwaliko." Alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Niliwaambia msiguse."

"Ulituambia, dada," mdogo wake alisema. "Lakini tulijua huoni. Tukasema, angekuwa anaona kichaka kile kilivyo, asingekikubali hata siku moja. Wewe mtu wa usafi."

Alimgeukia amjibu, akakutana na viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, mengine bado mabichi, ya mtu asiyezoea panga. Aliyaona yote, moja moja, hadi ngozi iliyojikunja pembeni. Hasira ikakosa pa kutua.

"Sema neno, mama!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Asanteni," alisema. "Mmechoka. Kapumzikeni."

Jumamosi iliyofuata mdogo wake alipita kumchukua kwa kazi, akiwa na buti mguuni na beleshi begani. Alikuta cherehani imehamishwa. Ilikuwa imesukumwa hadi ukuta wa ndani, na dada yake ameketi kwenye cherehani hiyo, amelipa dirisha mgongo.

"Hatuendi?"

"Nina kazi."

"Dada, huko ukutani giza. Utayaharibu macho."

Mama Matete alikata uzi kwa meno, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kusaidiwa.

"Acha yaharibike," alisema, akakanyaga pedali.